Siga ya Havana Inapokugomea: Dalili, Chanzo na Tiba

Mtu analetewa siga ya Cuba na shemeji yake aliyepitia Dubai. Anaihifadhi kabatini wiki tatu, siku ya sherehe anaiwasha barazani, na dakika ya kumi ameshaitupa. Inavutika kwa shida, inaungua upande mmoja, ina uchungu kama maji ya mwarobaini. Anaondoka akisema sifa za Havana ni porojo za matajiri. Mimi nilisema hivyo mara mbili kabla sijagundua kwamba siga zangu hazikuwa na kasoro yoyote. Zilikuwa zimelowa.

Miongozo mingi ya siga imeandikwa na watu wa nchi za baridi. Kule nyumba ikiwashwa hita hewa hukauka, kwa hiyo kazi yao kubwa ni kuongeza maji: sponji, maji yaliyochemshwa na kupozwa, vikombe ndani ya sanduku. Sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja tukifuata ushauri huo tunaizamisha siga. Siga inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na hewa ya pwani yetu siku nyingi iko juu ya hapo. Kwetu kazi ni kupunguza. Mtu wa Nairobi au Arusha, au anayeishi ndani ya kiyoyozi mchana kutwa, kesi yake ni nyingine na nitaigusa.

Nikisema siga nina maana ya ile nene ya majani matupu, si sigara ya karatasi. Kichwa ni upande unaokatwa na kutiwa mdomoni, mguu ni upande unaowashwa. Ndani yake mna majani ya namna tatu hivi, nayo tuyajue kwa sababu kila ugonjwa una asili yake humo. Volado, la chini ya mmea, ni jepesi na kazi yake kushika moto. Seco, la katikati, ndilo lenye harufu. Ligero, la juu lililopigwa jua zaidi, ni zito, kali na linaungua polepole, ndiyo maana fundi huliweka katikati kabisa. Hayo hukunjwa pamoja, yakafungwa na jani liitwalo capote, kisha yakavishwa capa, jani laini la nje lililolimwa chini ya kivuli cha vitambaa. Siga bora za Havana hutoka Pinar del Río, magharibi ya kisiwa, hasa eneo la Vuelta Abajo kwenye mashamba ya San Juan y Martínez na San Luis. Fundi, torcedor kwa lugha yao, huyasuka yote kwa mikono yake na kisu cha nusu duara kiitwacho chaveta.

Haivutiki

Hili ndilo lalamiko namba moja. Usisubiri uwashe ndipo ujue. Kata kichwa, tia mdomoni, vuta bila moto. Hewa ipite kama unavyonyonya kinywaji chepesi kwa mrija. Ukisikia unanyonya uji mzito, weka kiberiti chini kwanza.

Ishike kati ya kidole gumba na cha shahada, uibonyeze taratibu kuanzia mguuni kwenda kichwani. Siga iliyo sawa hubonyea kidogo ikarudi. Ikiwa laini mwili mzima kama sponji na haina haraka ya kurudi, imelowa: majani yamevimba yakaziba njia ya hewa. Ikitoa mlio wa majani makavu, imekauka, na hilo si tatizo la kuvuta. Ikiwa sawa kote ila pana sehemu moja ngumu kama fundo la kamba, basi kosa ni la kiwandani, jani limejikunja vibaya pale.

Iliyolowa usiiwashe leo. Itoe, iweke kwenye kasha tupu la mbao lisilofungwa sana, ndani ya chumba chenye kiyoyozi, siku moja au mbili. Ikiwa ilikuwa imelowa sana, wiki. Usiianike juani wala usiipepee kwa feni, maana ngozi (capa) itakauka kabla ya tumbo (majani ya ndani), na itapasuka.

Yenye fundo, kata milimita moja zaidi ujaribu tena. Mara nyingi mkato wa kwanza ulikuwa mwembamba mno. Ikishindikana, pitisha kijiti chembamba cha chuma katikati, ukizungushe taratibu mpaka kivuke pale pagumu. Siga nyembamba ndizo huathirika zaidi: lancero, siga ndefu nyembamba ya chapa ya Cohiba, ina kipenyo cha 38 na urefu wa milimita 192, na kipimo hicho cha kipenyo huhesabiwa kwa sehemu za inchi iliyogawanywa mara 64. Kusokota majani kwa urefu wote huo bila kubana popote ni kazi ya fundi mkongwe. Mwishoni mwa miaka ya 1990, biashara ilipochemka na viwanda vikaharakishwa, siga zilizoziba zilikuwa nyingi mno. Baadaye viwanda vya Cuba vikaweka mashine za kupima mvuto wa siga kabla haijavishwa capa, na hali ikawa nafuu. Bado utakutana nayo moja moja.

Sasa kwa nini ililowa wakati kipimo chako cha unyevu kilikuambia asilimia 68? Kipime kipimo chenyewe. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, jaza chumvi ya mezani, dondoshea maji mpaka iwe kama uji mzito, isiwe maji. Kiweke pamoja na kipimo ndani ya kopo la plastiki linalobana, funga, acha saa 24. Chumvi ya namna hiyo huifanya hewa ya ndani ikae kwenye asilimia 75. Kipimo changu nilichonunua kwa fahari kilisoma 67. Maana yake kila nilipokuwa nikijisifu kwamba nina 68, nilikuwa na 76. Nilikuwa nimezilea siga kwenye mvuke mwaka mzima.

Kwa pwani, ushauri wangu ni huu: achana na sanduku la fahari lenye sponji. Nunua kopo la chakula lenye mpira kwenye mfuniko, weka siga ndani na kasha lake, tia pakiti za unyevu zinazotoa na kufyonza zenye namba 65. Kopo lifungwe vizuri, likae sehemu ya baridi zaidi ya nyumba. Basi. Ukitaka mbao, fundi seremala anaweza kukutengenezea kasha la Cedrela odorata, mti uleule wa masanduku ya Havana. Huo si mwerezi halisi ingawa wengi huuita hivyo. Uliletwa kwetu ukapandwa, na sasa umevamia mpaka msitu wa Kimboza kule Morogoro. Wahifadhi wanaulalamikia. Wavuta siga tuna sababu ya kunyamaza.

Inaungua upande mmoja, au inazimika

Tofautisha mambo mawili. Ikiwa upande mmoja wa ngozi unakimbia na mwingine umebaki nyuma, chanzo ni namna ulivyowasha au upepo. Ikiwa ngozi imebaki na moto unachimba ndani kama panya, tumbo limekauka kuliko ngozi, yaani ngozi imenyonya unyevu wa hewa juzi juzi tu. Hiyo ya pili nimeiona sana kwa watu wanaotoka kwenye chumba cha kiyoyozi wakaenda kukaa ufukweni jioni.

Kuwasha si kuchoma. Usiuingize mguu ndani ya moto. Ushike juu kidogo ya ncha ya moto, uizungushe siga polepole mpaka ukingo wote uwe mweusi na katikati paanze kung'aa. Kisha tia mdomoni, vuta huku ukiendelea kuizungusha. Upulize mguu uone: kaa linang'aa kote? Pasipong'aa parudie. Kazi hii inachukua karibu dakika nzima, na ndiyo inayookoa dakika arobaini zinazofuata. Tumia kiberiti cha gesi au njiti ndefu, ukingoja salfa iishe kwanza. Kiberiti cha petroli kitakupa ladha ya petroli mpaka robo ya kwanza.

Upande ukishaanza kukimbia, usifanye haraka. Geuza upande uliochelewa ukae chini, vuta mara moja mbili. Mara nyingi utajirekebisha. Usiporekebika, gusa moto pale palipochelewa tu. Ukiwa Coco Beach na upepo wa kusi unavuma, geuka uupe mgongo. Hakuna ufundi utakaoushinda upepo ule.

Ikizimika, si aibu. Ligero huzimika kwa asili yake. Gonga majivu, puliza nje kupitia siga kabla ya kuvuta, uwashe upya. Ila ikikaa zaidi ya saa moja imezimika, itakuwa chungu, iache.

Ni chungu, na moshi unachoma ulimi

Hapa mara nyingi mgonjwa ni mvutaji.

Nilipokuwa naanza, mjomba wangu aliyewahi kuwa baharia alinitazama nikiimaliza Montecristo No. 4 kwa dakika ishirini. Ile ni siga ndogo, milimita 129, kipenyo 42, lakini bado inataka dakika arobaini. Akaniuliza, "Mpwa wangu, unakimbizwa na nani?"

Kaa la siga likivutwa haraka linapanda joto, na mafuta ya tumbaku badala ya kuvukizwa yanapikwa. Ndiyo lami ile unayoionja. Vuta mara moja kwa dakika, hata chini ya hapo. Ukiishika katikati ukaona moto wake vidoleni, iweke chini. Ikishakuwa chungu, puliza nje kupitia siga taratibu mara moja, utaona moshi mchafu ukitoka mguuni, kisha iache ipumzike dakika mbili. Kichwa kisilowe mate, maana mate hukusanya lami hapo hapo kwenye mkato. Ukiona doa jeusi, pangusa, au kata milimita moja.

Robo ya mwisho huwa kali hata ukivuta kwa adabu, kwa sababu moshi wote uliopita umeacha mafuta yake pale. Wapo wanaoishikilia mpaka inawaunguza kucha. Mimi huiacha.

Inanuka amonia, inakausha mdomo

Siga ni changa. Tumbaku ya Tabora na Urambo iliyo nyingi ni ya sigara, hukaushwa kwa hewa ya moto ndani ya mabani. Ya siga hukaushwa kwa hewa tu, imening'inia kwenye banda, halafu hurundikwa ikachachuka. Katika kuchachuka huko hutoa amonia. Majani yakisokotwa kabla hayajamaliza, yanamalizia ndani ya kasha lako. Harufu utaijua, ni ile ya choo cha stendi.

Geuza kasha, tazama chini. Kuna mhuri wa herufi za kiwanda, na chini yake mwezi na mwaka kwa Kihispania: ENE ni Januari, ABR Aprili, AGO Agosti, DIC Disemba. Ikiwa hazijafikisha mwaka na zinanuka hivyo, dawa ni kuzisahau. Ukizijaribu baada ya miezi sita utakuta si zile.

Haina ladha yoyote

Uliza kwanza umekula nini. Pilipili, achari, ugali na perege wa kukaanga kwa limao, vyote vinaufunga ulimi. Uliza pia kama ndani ya nyumba kumechomwa udi. Hakuna Cohiba itakayosikika mbele ya chetezo. Kaa nje, kunywa maji, ngoja.

Halafu angalia kama imekauka. Siga iliyokaa Nairobi wazi, au ndani ya friji (friji za kisasa hukausha, tena huipa harufu ya samaki), hupoteza mafuta yake ya harufu. Unyevu unaweza kurudishwa polepole kwa wiki kadhaa. Harufu iliyokwenda imekwenda.

Ikiwa siga ni nzima na ulimi ni safi, basi pengine hujaitafuta ladha pale ilipo. Moshi wa siga haumezwi. Ujaze mdomoni, uache ukae, kisha sehemu ndogo, robo tu, itoe taratibu kupitia puani. Mara ya kwanza utapiga chafya. Mara ya tatu utashangaa, kwa sababu ulimi unajua tamu, chungu na chumvi, lakini kahawa, ngozi, na udongo uliopigwa na mvua ya kwanza ni kazi ya pua. Igawe siga mafungu matatu na usiihukumu kwa fungu la kwanza. Hoyo de Monterrey huanza kwa upole wa mbao na krimu na inaweza kubaki hapo hadi mwisho. Partagás Serie D No. 4 huanza na pilipili manga na udongo, na hapo kati mimi huipatia harufu ya korosho zilizokaangwa kupita kidogo. Mwenzangu husema ni kakao. Sote wawili tuko sawa.

Anayeanza asianze na Bolívar, chapa kali. Ni kumpandisha mtoto ng'ombe dume.

Kichwa kinazunguka, jasho jembamba, kichefuchefu

Nikotini. Umevuta tumbo tupu, au haraka, au umemeza moshi kwa mazoea ya sigara. Iweke chini, kaa, kunywa maji, kula kitu cha sukari: soda, tende, chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Kwa kawaida hupita kabla ya saa moja. Na tusidanganyane: kutomeza moshi hakuifanyi siga kuwa salama, saratani ya mdomo na ya koo haiulizi kama ulimeza. Wenye moyo wa kusumbua na wajawazito wasiiguse.

Ngozi imepasuka au inabanduka

Ikipasuka kichwani, umekata chini mno. Kofia ya siga ya Havana ni kipande cha jani kilichobandikwa kwa gundi ya mimea isiyo na ladha, na mstari wake unauona ukitazama vizuri. Kata juu ya mstari huo, milimita mbili zinatosha, kwa kikatio kikali na kwa pigo moja. Ikipasuka mguuni wakati inaungua, tumbo limelowa na joto linalivimbisha. Mpasuko mdogo, lamba ncha ya kidole uubonyeze. Mkubwa, vumilia mpaka moto uuvuke.

Matundu kama ya sindano, unga unga chini ya kasha

Hao ni wadudu wa tumbaku, jamaa wa fukusi. Mayai hutagwa kwenye tumbaku iliyokwisha kukaushwa, ikiwa ghalani au kiwandani, na joto likipita nyuzi 24 hivi yanaanguliwa. Kwa nyumba zetu, hiyo ni karibu kila siku ya mwaka. Siga za kuuzwa nje ya Cuba siku hizi hugandishwa kabla ya kusafirishwa, lakini mimi siamini safari. Zilizotoboka toa. Zilizobaki funga kwenye mifuko miwili ya kubana, friji siku moja, friza siku tatu, friji tena siku moja, kisha nje. Ukiruka hatua za friji ngozi zitapasuka.

Ukiona weupe badala ya matundu, watakuambia ni maua ya siga, dalili ya uzee na ubora. Ni ukungu. Ukiwa juu ya ngozi, pangusa na upunguze unyevu. Ukiwa mguuni, umeshaingia ndani, tupa.

Umefanya yote na bado ni mbaya

Basi huenda haijawahi kuiona Cuba. Mwaka 2022 bei ya Cohiba ilipandishwa kwa kishindo, na Septemba mwaka huo huo kimbunga Ian kiliangusha mabanda ya kukaushia kule Pinar del Río. Bidhaa ikiadimika, waghushi hawalali.

Kasha lenye mfuniko wa kioo ni la bandia, usijadili. Chini ya kasha halali pamechomwa kwa moto, si kupigwa rangi, maneno Habanos s.a. (kampuni inayouza siga za Cuba), Hecho en Cuba (imetengenezwa Cuba) na Totalmente a mano (kwa mikono kabisa). Mbele kushoto kuna utepe wa kijani wa dhamana, wa siku hizi ukiwa na hologramu na namba. Na muuzaji anayekuuzia Cohiba moja moja ufukweni kwa bei ya soda mbili ameshakujibu.

Mimi niliuziwa kasha zima hotelini. Siku nilipochoka kuvumilia, nilichukua wembe nikaipasua moja kwa urefu, kama unavyopasua samaki. Siga ya Havana inapaswa kuwa na majani marefu yanayotoka mguuni hadi kichwani bila kukatika. Siga za José L. Piedra na Quintero ni za Cuba kweli na bado zina vipande, na bei yake inasema hivyo. Ndani ya yangu mlikuwa na vikonyo, vumbi, na kipande cha kitu kilichofanana na gome la mgomba.

Ile iliyo halali ikifika mwisho, usiisage kwenye kisahani kama sigara. Ilaze, itazimika yenyewe baada ya dakika chache na haitanuka. Ila kisahani kitoe nje usiku huo huo. Asubuhi usimwachie mtu mwingine.